Toka Daftari Mpaka Jukwaani: Kutengeneza na Kutoa Wimbo wa Hip Hop Tanga Bila Lebo

Mchanaji wa Tanga asiye na lebo hakwamishwi tena na studio. Kompyuta ya kawaida, maiki moja na chumba kilichotulia vinatosha kutoa wimbo unaosimama redioni. Kinachoangusha kazi nyingi ni mambo madogo ya mwanzoni ambayo hayaonekani siku yanapotendeka: mstari usio na pa kuvutia pumzi, ukuta mtupu nyuma ya mgongo wa mchanaji, makubaliano ya mdomo na mwenye biti (mdundo wa kuchania). Yakishaingia kwenye wimbo, hakuna plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) wala pesa ya baadaye itakayoyatoa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye daftari, chumba na karatasi, na kupita haraka kwenye mengine.

Mistari ihesabiwe kabla ya kurekodiwa

Tanga ni mji wa ushairi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, na mpaka leo mtoto wa hapa anaijua mizani kabla hajaijua biti. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, nane kabla ya kituo na nane baada yake. Biti ya mapigo manne nayo, ukigawa kila pigo mara nne, ina nafasi 16 kwa mstari. Hesabu zinalingana, na hapo ndipo mtego ulipo: mchanaji anajaza nafasi zote 16 kama anavyojaza mshororo, halafu anashangaa kwa nini sauti inakauka kufika mstari wa sita.

Piga hesabu. Biti ya kasi ya mapigo 90 kwa dakika hutumia sekunde 2.67 kwa mstari mmoja. Vesi (ubeti wa kuchana) ya mistari 16 ni karibu sekunde 43. Ukijaza nafasi zote unatamka silabi sita kila sekunde, sekunde 43 mfululizo, bila mahali pa kuvuta hewa. Msomaji wa shairi ana kituo. Anaweza kusimama, akavuta pumzi, akaendelea. Biti haimngoji mtu.

Tazama mistari hii miwili iliyoandikwa kishairi:

Nimetoka Makorora, nashuka hadi bandari
Sina cheo, sina dira, kichwani nina habari

Mizani ni 16 juu na 16 chini, na vina vipo: -ra katikati, -ri mwishoni. Kwa sheria za shairi hakuna kosa. Lakini isome kwa sauti juu ya ngoma, utasikia vina vya mwisho vinashika na vya kati havishiki. Sababu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-NDA-ri, ha-BA-ri, Mako-RO-ra, DI-ra. Kina cha shairi kinatazama silabi ya mwisho, ambayo mdomo unaitamka kwa ulegevu. Sikio la mtu anayetikisa kichwa linadaka ile yenye mkazo. "Bandari" na "habari" zina irabu moja chini ya mkazo na mwisho mmoja, ndiyo maana zinajibana. "Makorora" na "dira" zina o na i, kwa hiyo zinapishana. Kanuni ya michano ya Kiswahili basi ni hii: tafuta kina cha silabi mbili za mwisho, si moja. Ukipata tatu, bora zaidi.

Sasa ipunguze mistari hiyo ili ipumue:

Natoka Makorora, nashuka bandari
Sina cheo wala dira, kichwani habari

Wa kwanza una silabi 13, wa pili 14. Chukua daftari la hesabu lenye vijumba, kila kijumba kiwe nafasi moja, vijumba 16 kwa mstari. Zungushia kijumba cha 5 na cha 13, maana hapo ndipo sneya (ngoma kali) inapolia kwenye biti nyingi. Andika silabi moja kwa kila kijumba. Mstari wa kwanza uanze kijumba cha 2, uiachie kiki (ngoma nzito) ipige peke yake. "Nda" ya bandari itaangukia kijumba cha 13, juu ya sneya. Mstari wa pili uanze kijumba cha 1. "Ba" ya habari nayo itatua cha 13. Na "ro" ya Makorora na "di" ya dira zote zimekaa kijumba cha 7, kwa hiyo hata pasipo kina kamili, mkazo unapiga mahali pamoja na sikio linaridhika. Vijumba vya 15 na 16 vimebaki wazi, theluthi moja ya sekunde. Mstari unaofuata ukianzia kijumba cha 2 unapata nusu sekunde, na hiyo inatosha kuvuta pumzi ya kweli kwa mdomo.

Angalia mwanzo wa maneno unapohesabu. M iliyosimama mbele ya konsonanti ni silabi kamili: m-tu, m-zi-go, m-fu-ko. Lakini mb, nd, ng na nj ndani ya neno refu haziongezi silabi: ba-nda-ri ni tatu, si nne. Anayekosea hapa huona mistari yake inakaa sawa kwenye daftari na kuchelewa kwenye biti.

Usiandike nafasi zilezile 13 au 14 kwa mistari yote 16. Ukifika mstari wa nne au wa nane, uache mfupi, silabi nane au tisa, neno zito lipate kimya cha kuzama. Panchi nyingi nzuri, yaani maneno hayo mazito, zinapotea kwa sababu mchanaji amezirukia na mstari unaofuata kabla msikilizaji hajazipokea.

Neno moja kuhusu lugha. Wagosi wa Kaya, kundi la hip hop la Tanga, walipotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, walichana na lafudhi ya Tanga waziwazi, na nchi nzima ikawaelewa na kuwapenda kwa hiyo. Kuiga matamshi ya Dar es Salaam au ya Marekani kunakunyima kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Andika unavyozungumza mtaani Ngamiani.

Kipimo cha mwisho kabla ya kugusa maiki: chana vesi nzima kwa sauti ya jukwaani huku unatembea kwa kasi barabarani, bila kusoma. Pale unapokatika pumzi, wekea alama ya mkwaju kwenye daftari na ukate silabi mbili. Rudia mpaka umalize ukiwa na hewa iliyobaki.

Chumba

Nyumba nyingi za Tanga zina kuta za matofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji au vigae, na mabati juu. Kila kimoja kati ya hivyo kinarudisha sauti. Simama katikati ya chumba na upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba unaorukaruka kama waya uliochapwa, hizo ni kuta mbili zinazotazamana zikitupiana sauti, na ndizo zitakazofanya vesi yako isikike kama imerekodiwa chooni.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kutundika khanga na mapazia ukutani. Khanga moja haizuii kitu. Sauti inapita na kurudi. Trei za mayai nazo hazina kazi. Kinachomeza sauti ni unene na ulaini: godoro la sponji la inchi 4 mpaka 6, blanketi zito lililokunjwa mara mbili, nguo zilizosheheni kabatini. Mazulia na sponji nyembamba vinameza sauti kali za juu tu, na kuacha ule uzito wa katikati unaofanya sauti iwe ya kopo.

Mahali pa kuweka godoro la kwanza ni nyuma ya mgongo wako, si nyuma ya maiki. Wengi wanafanya kinyume. Maiki ya kawaida ya kuimbia husikia mbele na kuziba nyuma, kwa hiyo inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Sauti yako ikigonga ukuta ule inarudi moja kwa moja kwenye maiki. Simamisha godoro hapo, uliache sentimita 10 kutoka ukutani ili limeze sauti nzito zaidi, kisha weka la pili pembeni likifanya pembe na la kwanza. Tandika blanketi chini. Piga kofi tena. Ule mlio wa waya ukitoweka, umefika.

Chagua chumba kisichotazama barabara, na uelekeze mgongo wa maiki kwenye dirisha au mlango unaoingiza kelele. Katika nyumba ambazo kuta za vyumba hazifiki paani na hakuna dari, sauti ya korido na ya chumba cha jirani inapita juu. Hapo hakuna dawa zaidi ya muda. Saa nzuri za kurekodi mjini Tanga ni kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri: bodaboda zimepungua, redio za majirani zimezimwa, na adhana ya alfajiri bado. Mpango huo unahitaji maelewano na wapangaji wenzako. Nenda ukaombe mapema kwa heshima, na uwatajie siku na saa utakazomaliza.

Zima feni. Zima friji, na weka ufunguo wako wa mlango juu yake ili usisahau kuiwasha kabla hujalala. Joto la Tanga bila feni halivumiliki muda mrefu, kwa hiyo rekodi dakika 20, fungua dirisha dakika 10, urudi. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, usipange kurekodi chini ya bati bila siku ya akiba. Mlio wa mvua kwenye bati umejaa ngazi zote za sauti, na kuuondoa ni kuiondoa sauti yako pia.

Maiki na kurekodi

Kwa chumba ambacho hakijatulia, chukua maiki ya dainamiki badala ya kondensa. Kondensa inasikia vizuri mno: inasikia jogoo wa mtaa wa pili. Dainamiki inakulazimu uisogelee, vidole vinne kutoka mdomoni, na kwa sababu hiyo chumba kinasikika kidogo. Shida yake ni kwamba inahitaji geini kubwa (kiasi cha kupandisha sauti ya maiki), mpaka dB (desibeli) 60, na kadi za sauti (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) za bei ya chini zikifika huko zinaanza kutoa mvumo. Jaribu kadi na maiki pamoja kabla ya kulipa. Jihadhari pia na maiki bandia za chapa maarufu. Sauti yake ni nyembamba na pua inasikika kuliko kifua.

Mwenye kondensa akae nayo umbali wa shubiri moja, na awashe umeme wa volti 48 kwenye kadi baada ya kushusha sauti ya hedifoni. Unyevu wa bahari ndio adui wake mkubwa. Ikianza kukwaruza kama karatasi inayokunjwa, au sauti ikipungua ghafla, mara nyingi ni umande ndani. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usiitoe chumba cha kiyoyozi na kuitumia papo hapo kwenye joto. Iache nusu saa kwanza.

Matamshi ya pwani yana pumzi kwenye p, t na k kuliko ya bara. Wapo watu wa pwani wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi ya p tu. Pumzi hiyo ikigonga maiki inatoa mshindo mzito unaotikisa spika. Chukua waya wa hanga, ukunje duara, uvishe soksi ndefu nyembamba ya kike tabaka mbili, na uiweke vidole vinne mbele ya kondensa. Halafu pandisha maiki usawa wa nyusi, ikikutazama mdomoni kwa mshazari, ili upepo wa mdomo upite chini yake. Na usiifute pumzi hiyo kwenye matamshi yako. Ni ya kwenu.

Weka programu ya kurekodia kwenye biti 24 (hapa biti ni kipimo cha kompyuta, si mdundo) na 44.1 au 48 kHz. Chana sehemu yako yenye kelele zaidi na upange geini mpaka vilele viguse kati ya -12 na -6 dB. Usifukuzie taa nyekundu. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishonwi. Ukisikia sauti yako inachelewa hedifonini, shusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa) mpaka 128 au 64. Ukianza kumiksi (kuchanganya sauti na biti), ipandishe 512 au zaidi ili kompyuta isikwame. Ukisikia mvumo mzito usiokatika, chomoa chaja na urekodi kwa betri. Soketi isiyo na ethi (waya wa ardhini) ni chanzo cha mara kwa mara cha mvumo huo.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio zima, na sauti yake ndogo. Biti ikivuja kutoka hedifonini na kuingia kwenye maiki, kila utakapoibana sauti yako kwa kompresa (programu ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo), mlio wa haihati (matoazi ya biti) utapanda nao.

Rekodi vesi nzima mara tatu bila kusimama, kisha chagua mistari bora katika hizo tatu. Ukirekodi mstari mmoja mmoja, nguvu inabadilika kila sekunde mbili na msikilizaji anahisi, hata asipojua anahisi nini. Baada ya hapo rudia kwa sauti ya pili maneno ya mwisho wa mistari tu, silabi mbili au tatu zenye kina, na uziweke chini kwa dB 6 mpaka 10. Kurudufu vesi yote kunaitia ukungu. Vikorombwezo (maneno ya kuchombeza nyuma ya vesi) viende kwenye faili lake peke yake.

Kila baada ya sauti nzuri, hifadhi. Umeme ukikatika, hutapoteza zaidi ya vesi moja. Mwisho wa usiku nakili folda nzima kwenye flashi, na flashi hiyo isilale nyumba moja na kompyuta.

Miksi, kwa kifupi

Biti nyingi zinakuja kama faili moja la MP3 lililokwisha kubanwa mpaka juu. Lishushe kwanza dB 6 mpaka 8, kisha ujenge sauti juu yake. Kwenye sauti yako kata kila kitu chini ya 80 mpaka 100 Hz, punguza kidogo kati ya 250 na 400 Hz kama chumba bado kinasikika, bana kwa uwiano wa 3:1 au 4:1 mpaka sindano ishuke dB 3 mpaka 6, na ulainishe s na sh zinazochoma kati ya 5 na 8 kHz. Kwenye biti, punguza dB 2 kati ya 2 na 4 kHz. Maneno yatajitokeza bila kupandisha sauti. Mwangwi uwe mfupi. Hip hop ni maneno.

Sikiliza kwa spika ya simu iliyolala mezani. Simu yenye spika moja huunganisha kushoto na kulia, na baadhi ya biti zina besi au kinanda kilichopanuliwa kiasi kwamba vikiunganishwa vinafutana. Kisha sikiliza kwenye bajaji. Maneno yakisikika kwenye bajaji inayotembea, miksi imekaa.

Masta (nakala ya mwisho ya wimbo) iache kilele cha kweli kwenye -1 dB. Spotify hushusha nyimbo zenye kelele mpaka karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), hivyo kuponda wimbo ili uwe na kelele kuliko wenzako hakukupi faida pale. Kunakuachia tu ngoma zisizo na nguvu.

Toa mafaili manne, si moja: wimbo kamili, wimbo usio na matusi kwa ajili ya redio, biti tupu, na toleo la shoo, yaani biti pamoja na kiitikio na sauti za nyuma bila vesi zako. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na jukwaani ndilo linalokuokoa.

Karatasi

Usiku uleule wa kurekodi, kabla watu hawajatawanyika, andikeni karatasi moja. Itaje jina la wimbo, tarehe, na majina kamili ya kila aliyeandika maneno, aliyetengeneza biti, aliyeimba kiitikio. Kisha muandike mafungu mawili tofauti: la utunzi, yaani maneno na muziki, na la masta, yaani rekodi yenyewe. Kila fungu lijumlishe 100. Mtu anaweza kuwa na 50 kwenye utunzi na sifuri kwenye masta kwa sababu alilipwa fedha taslimu. Ni halali kabisa, mradi imeandikwa. Kila mmoja asaini, na kila mmoja aipige picha. Kusubiri wimbo upate umaarufu ndipo muandikiane ni kuandikiana katikati ya ugomvi.

Biti iliyoandikwa "bure" huko YouTube kwa kawaida ni bure ya kujaribia, si ya kuuzia. Kuna kukodi na kuna kununua moja kwa moja. Ukikodi, mwenye biti anaweza kuikodisha kwa wengine 30, na mkataba huwa na kikomo cha idadi ya kusikilizwa au cha miaka. Soma vitu vitatu: kikomo hicho, kama unaruhusiwa kulipwa mtandaoni, na nani anaruhusiwa kuisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti. Ukisajili biti ya kukodi kana kwamba ni yako peke yako, utafungia video za wenzako na wewe utafungiwa.

Tanga ina hazina ya taarabu. Vikundi kama Black Star, kuanzia miaka ya 1960, na Lucky Star vilivuma kutoka hapa, na kishawishi cha kukata kipande cha zamani na kukiwekea kiki ni kikubwa. Kipande hicho kina haki mbili: ya mtunzi na ya aliyerekodi. Unahitaji ruhusa zote mbili. Ukimwita mpiga udi akakipiga upya, umeondoa haki ya aliyerekodi, ila ya mtunzi inabaki. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Tafuta familia. Njia nzuri zaidi ni kumpa mpiga udi akutungie kipande kipya chenye ladha ileile, mkaandikiana asilimia.

Hakimiliki inazaliwa pale kazi inapotungwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kujipatia ushahidi na kujulikana unapodai, na inafaa ufanye kabla ya kutoa. Usajili wa msanii uko BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa; kwa hapa, pa kuanzia ni kwa Afisa Utamaduni wa Jiji, ambaye pia ndiye utakayeanzia kwake ukitaka kuandaa shoo ya wazi. Peleka barua mapema, iwe na tarehe, eneo, saa za kuanza na kumaliza, na uulizie kibali cha polisi papo hapo.

Kutoa

Msambazaji wa mtandaoni atakupeleka Boomplay, Audiomack, Spotify, YouTube na kwingineko kwa mkupuo. Kabla ya kuchagua, uliza: ada ni ya mara moja au ya kila mwaka, na nikiacha kulipa wimbo unashushwa? Anakata asilimia ngapi? Pesa inafikaje Tanzania, na kiwango cha chini cha kutoa ni kipi? Msambazaji wa bei poa asiyeweza kukufikishia pesa kwenye akaunti au simu yako hana faida.

Mpe faili la WAV, si MP3. Kava (picha ya jalada la wimbo) liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu, bila nembo za mitandao, na maandishi yake yalingane na jina la wimbo herufi kwa herufi. Jina lako la kazi liandikwe vilevile kila mahali, "MC" leo na "Mc." kesho kutakugawa kuwa wasanii wawili. Hifadhi namba ya ISRC (namba ya kuitambulisha rekodi) ya kila wimbo, tarakimu na herufi 12. Ukihama msambazaji, tumia namba ileile, vinginevyo unahatarisha hesabu uliyokwisha kuipata.

Pakia wiki nne kabla ya siku ya kutoka. Spotify inataka ombi la kuingizwa kwenye orodha zake siku saba kabla, kwa uchache. Na tazama kalenda ya hapa: mwezi wa Ramadhani, ambao huwahi kwa karibu siku 11 kila mwaka, Tanga haina masikio ya ngoma za kurukaruka. Wimbo wa tafakuri unaweza kutoka. Wa shangwe ungoje Idi.

Ujue pesa ilivyo ili usivunjike moyo. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube hugawa pesa za matangazo kwa chaneli yenye wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Kwa hiyo nyimbo nne zenye wasikilizaji wa kweli zinakulipa kuliko nyimbo 20 zilizotupwa. Wanaouza "watazamaji 10,000" waepuke: mifumo inawatambua, wimbo unashushwa, na pesa halali iliyokuwemo inazuiliwa pia.

Redioni peleka flashi yenye toleo safi, lisilozidi dakika tatu na nusu, faili likiwa na jina lako na jina la wimbo. Faili linaloitwa "final mpya 3" halipatikani tena likishaingia kwenye kompyuta ya mtangazaji.

Jukwaani

Dakika 15 ni nyimbo nne, si sita. Chana juu ya toleo la shoo, si juu ya wimbo kamili; ukijibishana na sauti yako mwenyewe watu wanaona umekuja kufungua mdomo tu.

Shika maiki kwenye mpini. Wachanaji wengi hufumbata kichwa chake kwa kiganja kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Matundu ya nyuma ya kichwa hicho ndiyo yanayoiwezesha maiki kuziba kelele za nyuma; ukiyaziba, inaanza kusikia kila upande, inadaka spika, na ndipo ule mlio wa kutoboa masikio unapoanza. Fundi atakushushia sauti, na vesi yako itazama. Uwanja wa wazi kama Tangamano una upepo wa bahari, kwa hiyo njoo na sponji ya kuvisha maiki.

Fika mapema, umwombe fundi dakika tatu, uchane mstari wako wenye kelele kuliko yote na mmoja wa sauti ndogo. Muombe asikuwekee mwangwi kwenye vesi. Toleo la shoo liwe kwenye flashi mbili na kwenye simu. Ikibidi kutumia simu, iweke kwenye hali ya ndege kabla ya kuichomeka, maana simu ikiita katikati ya vesi ya pili, mlio utatoka kwenye spika zote za uwanja na biti itakatika.